Sikio na Ile Tamthilia ya Bunduki

Kituoni walimwita Sikio, na jina hilo hakulikataa hata siku moja. Kazi yake ilikuwa kupokea simu za watazamaji. Kwa miaka ishirini na mitatu alikaa kwenye chumba kidogo chini ya ngazi za kituo cha televisheni, simu tatu mezani, hedifoni kichwani, mto wa kukalia alioushona mwenyewe, na daftari kubwa lenye safu mbili: wanaosifu upande wa kushoto, wanaolalamika upande wa kulia. Safu ya kulia ndiyo iliyokuwa ikijaa upesi.

"Mtu akikuta chakula kizuri anakula na kunyamaza," alikuwa akisema. "Akikuta jiwe ndipo anapata sauti."

Aliingia pale akiwa mpiga chapa. Siku moja mpokea simu akaumwa jino, naye akaombwa amshikie nafasi kwa asubuhi moja tu. Asubuhi hiyo hiyo bwana mmoja alipiga akifoka kwamba msomaji wa habari ametamka neno ovyo. Sikio alimwacha afoke mpaka pumzi ikamwishia, kisha akamwambia kwa upole, "Nimekuandika, baba. Hebu lirudie hilo neno taratibu, nisije nikalikosea na mimi." Yule bwana akacheka. Aliendelea kupiga kila Jumatatu kwa miaka tisa kusahihisha lugha ya wasomaji, na alipoacha kupiga, Sikio ndiye aliyeitafuta namba ya nyumbani kwake na kuwapa wanawe pole. Mwenye jino hakurudi tena kwenye kile kiti. Alihamishiwa masijala, na inasemekana alishukuru.

Kwa hiyo mwaka ule kituo kiliporusha tamthilia ya vijana na bunduki, Sikio hakutishika. Alikuwa amesikia watu wakilaani utabiri wa hali ya hewa. Angeshindwa na tamthilia?

Ilikuwa na sehemu sita, kila Jumapili saa mbili usiku. Ilikuwa na jina lake refu la kishairi ambalo hakuna aliyelikumbuka. Watu waliiita ile ya bunduki, ikatosha. Ilihusu wanafunzi watatu wa sekondari, marafiki wa dawati moja. Baba wa mmoja wao ni mlinzi, na hurudi nyumbani na silaha ya kazi. Yule mwanawe anaonewa shuleni, anachekwa, ananyang'anywa vitu, mpaka siku moja anaitia bastola ya baba kwenye mkoba wa vitabu awatishe wanaomsumbua. Mwisho wa sehemu ya kwanza risasi inatoka, na anayeanguka ni rafiki yake mwenyewe. Sehemu zilizobaki zinarudi nyuma kuonyesha walifikaje pale.

Jumatatu ya kwanza, kabla Sikio hajavua kandambili za njiani na kuvaa viatu vya kazini, simu zote tatu zilikuwa zinalia.

"Mnafundisha watoto kuua!" alisema mwanamke mmoja, na kukata.

"Asanteni," alisema baba mmoja. "Kwa mara ya kwanza nimezungumza na mwanangu zaidi ya salamu. Msiikatishe."

"Mimi ni mlinzi, mwaka wa kumi na saba kazini. Kwa nini kila mkitafuta mzembe mnatutafuta sisi? Mwenye benki hana watoto?"

Mwanafunzi mmoja alinong'ona, inaelekea alipiga kutoka chooni shuleni: "Shangazi, hivyo ndivyo ilivyo. Waambie hivyo ndivyo ilivyo." Kengele ikasikika nyuma yake, simu ikakatika.

Kufikia jioni alikuwa na simu mia moja sitini na moja, na safu mbili zilikuwa zimelingana karibu sawasawa. Jambo hilo hakuwahi kuliona. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, lakini kwa kawaida kwenye daftari lake upara ulikuwa upande mmoja.

Siku ya pili akaanza kuwauliza wote swali moja: "Umeiangalia mwenyewe, au umesimuliwa?" Wengine walikasirika. Wengine walikohoa. Ikabidi achore safu ya tatu, akaiandika juu yake WALIOSIMULIWA, na safu hiyo ikanenepa haraka kuliko dada zake.

Jumamosi ya pili mgawanyiko huo ukamfuata hadi mezani kwake. Wifi yake, dada wa mumewe, alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya sekondari, mwanamke mrefu wa sauti kavu ambaye hata akiomba chumvi ulijiona umechelewa darasani. Alikuja kula nao mchana, na kabla hajanawa mikono akatoa bahasha kwenye mkoba.

"Wifi, nimekuletea kazi. Barua hii imesainiwa na walimu wakuu kumi na wanane. Tunataka ile takataka iondolewe hewani."

"Karibu kwanza, wifi. Umeiangalia mwenyewe, au umesimuliwa?"

Mume wa Sikio, fundi wa majokofu, mtu aliyependa amani kama mashine zake zilivyopenda baridi, akainama kwenye sahani.

"Sihitaji kunywa sumu ili nijue ni sumu," alisema mwalimu mkuu.

"Ila anayepima sumu lazima afungue chupa. Wewe mtoto akikuletea insha, unaipa maksi kwa kusimuliwa?"

Binti wa Sikio, wa miaka kumi na sita, alicheka puani, akajifanya amepaliwa. Shangazi yake akamgeukia. "Na wewe unaiangalia?"

"Darasa zima tunaiangalia, shangazi."

"Na unajifunza nini?"

Binti alifikiri. "Kwamba wale wakubwa wote waliona dalili. Kila mmoja alidhani ni kazi ya mwenzake."

Mwalimu mkuu aliomba chumvi, akapewa upesi. Lakini alipoondoka alisema mlangoni, "Sawa. Kesho nitaiangalia. Nikiichukia, nitaichukia kwa haki yangu."

"Ndivyo ninavyokutaka," alisema Sikio, akaichukua ile bahasha. Jumatatu aliipiga muhuri wa mapokezi, akaiingiza kwenye daftari kama barua nyingine yoyote. Undugu ni undugu, na kazi ni kazi.

Mambo yalibadilika Jumatatu ya tatu. Sehemu iliyorushwa usiku uliotangulia ilimwonyesha yule baba mlinzi akiificha bastola kabatini, chini ya mablanketi, na mwanawe akimchungulia kwenye upenyo wa mlango. Saa tatu asubuhi simu ya katikati ikalia. Mwanamume. Alisalimia vizuri, kisha akanyamaza.

"Niko hapa, kaka," alisema Sikio. "Sema tu."

"Mimi nafanya kazi ya ulinzi. Na mimi yangu naiweka kabatini, chini ya mablanketi. Jana baada ya kuangalia nikaenda kutazama. Ipo. Ila mablanketi..." Akavuta pumzi. "Mimi nakunja mara tatu. Nilikuta yamekunjwa mara mbili."

Sikio aliweka kalamu chini. Ukutani mbele yake palikuwa na karatasi ya maagizo, imekuwepo tangu siku yake ya kwanza: POKEA. ANDIKA. SHUKURU. USISHAURI. Alikuwa ameitii kwa miaka ishirini na mitatu, hata pale mwanamke mmoja alipomuuliza kama aolewe.

"Sasa hivi iko wapi?" aliuliza.

"Ninayo hapa kwenye mkoba. Nyumbani tuko watatu, mimi na mama watoto na binti yetu wa kidato cha pili. Mama watoto hajui hata ninapoiweka."

"Nisikilize, kaka. Ipeleke kwenye ghala la silaha la kampuni yenu asubuhi hii. Si mchana. Mwambie msimamizi wako kuanzia leo inalala huko, na kama hataki, akuandikie kwa mkono wake kwamba hataki. Halafu mngoje mtoto atoke shule, ukae naye chini. Usimpige. Akisikia kofi ataficha lililobaki. Ukimaliza nipigie. Nipo mpaka saa kumi na moja."

"Nitamwambia nini?"

"Mwambie jinsi unavyokunja mablanketi."

Mchana ule Sikio alipokea simu sabini na mbili na hakumbuki hata moja. Saa kumi na moja ilipofika hakutoka. Saa kumi na moja na nusu simu ya katikati ikalia.

"Alipiga nayo picha," alisema yule mlinzi. Sauti yake ilikuwa imechoka kama ya mtu aliyebeba magunia. "Ameishika hivi, kama kwenye sinema. Picha imeshafika kwa wenzake kumi na wanne. Mmoja wao ameshamwomba aje nayo shuleni Ijumaa waione kwa macho. Alikuwa bado hajaamua. Ananiambia hivyo, dada: nilikuwa sijaamua."

"Na silaha?"

"Iko ghalani. Msimamizi alinung'unika, lakini akaipokea. Kesho naenda shuleni na mama yake."

"Umefanya kazi ya baba," alimwambia. Kisha akapeleka kalamu kwenye safu ya kushoto, akasita, akaangalia safu ya kulia, akafunga daftari. Simu ile haikuwa ya sifa wala ya malalamiko. Aliiandika kwenye karatasi ya peke yake, bila jina wala namba, akaiweka kwenye droo inayofungwa kwa ufunguo.

Angekuwa mtu wa haraka, pale pale angeamua tamthilia ni dawa na wanaoilaumu ni wapumbavu. Jumatano ilimzuia. Mama mmoja alipiga, sauti tulivu, na swali la Sikio akalijibu kabla hajaulizwa.

"Nimeziangalia zote tatu. Mwanangu wa mwisho alipigwa risasi na mwenzake shuleni, miaka sita iliyopita. Walikuwa wanachezea bunduki. Sina tatizo na ukweli wenu, ni kweli kabisa. Lakini nimehesabu. Nyumba ya aliyepiga mmeionyesha mara kumi na nne. Jikoni kwao, kitandani kwake, mama yake akilia. Nyumba ya aliyekufa hamjaingia hata mara moja. Jina lake mle kwenye tamthilia hata mimi nimelisahau, na mimi ndiye niliyepaswa kulikumbuka kuliko wote. Mnataka tumlilie yule. Nami namlilia, Mungu anajua. Lakini na wangu je?"

Sikio alikuwa na majibu ya kila aina, ya kutuliza na ya kushukuru. Hakutumia hata moja. "Aliitwa nani, mama?" aliuliza. Yule mama akamtajia jina. Akaendelea kumweleza alivyokuwa akipenda kulala na redio, alivyokuwa akichelewa kila mahali, hata siku ya kuzaliwa alichelewa wiki mbili. Simu ilichukua dakika arobaini, na yote Sikio aliyaandika kwenye karatasi nyingine ya peke yake. Simu nyingine mbili zililia mpaka zikachoka.

Alhamisi mkurugenzi wa vipindi akaita kikao. Alikuwa mwanamume nadhifu, si mbaya, ila aliogopa kelele. Na kelele zilikuwa zimefika kwa wakubwa zake. Alikuwepo pia mwandishi wa tamthilia, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mikono ameikunja kifuani, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Sikio aliingia na daftari kwapani.

"Nataka namba mbili tu," alisema mkurugenzi. "Wanaotaka iendelee, na wanaotaka tuiondoe."

"Namba zipo," alisema Sikio. "Mia tatu na tisa wanasifu. Mia tatu arobaini wanalalamika."

Mkurugenzi akafungua mikono kama mtu aliyeletewa hukumu. "Basi. Waliokataa ni wengi."

"Sijamaliza, bosi. Katika hao mia tatu arobaini, mia moja themanini na sita hawajaiangalia. Wamesimuliwa. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na hawa hawajaingia hata chumbani."

Mwandishi alicheka kwa mara ya kwanza. "Si nilisema? Wanaopinga ni watu wasiojua chochote."

"Taratibu, mwanangu," alisema Sikio, akamgeukia. "Nawe una lako."

Akawasomea karatasi mbili. Kwanza ile ya mlinzi, bila jina wala namba. Aliposoma *nilikuwa sijaamua*, mkurugenzi alivua miwani akaanza kuifuta, na miwani haikuwa na vumbi. Kisha akasoma ya yule mama, yote, pamoja na redio na wiki mbili za kuchelewa. Hakubadilisha sauti. Alisoma kama alivyoambiwa.

Mwandishi alikuwa ameshusha mikono.

"Mara kumi na nne," alisema polepole. "Sikuhesabu."

"Yeye alihesabu."

"Sehemu zote zimeshapigwa picha. Siwezi kubadilisha kitu."

"Sijakuambia ubadilishe. Nimekuambia anayekulaumu vibaya yupo, na anayekulaumu vizuri yupo pia, na ukiwatia kapu moja utakuwa umemtupa mwalimu wako."

Mkurugenzi alirudisha miwani usoni. "Na wewe, Sikio, miaka yote hiyo hujawahi kusema maoni yako mbele yangu. Leo unasema nini? Tuiondoe au tuiache?"

"Iachwe mpaka mwisho. Mkiiondoa leo, mtawaacha watu na risasi bila maelezo. Ila isogezeni mpaka saa tatu, watoto wadogo wawe wamelala. Na mniwekee mtu wa pili kwenye simu, kwa sababu zile mbili zilizolia Jumatano sijui zilikuwa za nani, na hilo linaniuma." Akasita kidogo. "Na mimi nimevunja agizo la ukutani. Nilimshauri yule mlinzi. Kama ni kosa, liandikwe."

"Ningekuwa mimi ningemshauri nini?" aliuliza mkurugenzi, kama anajiuliza mwenyewe. Hakuandika kitu.

Tamthilia iliendelea, saa tatu. Waliokasirika walibaki wamekasirika. Chama cha walinzi kilileta barua kali, kikapata majibu ya heshima. Mwalimu mkuu alitimiza ahadi yake: aliangalia sehemu zote zilizobaki, akapiga simu kituoni kama mtazamaji wa kawaida, hakutaka upendeleo.

"Nimeiangalia mwenyewe," alianza, kabla hajaulizwa. "Na bado naipinga, wifi. Huyo mwalimu wao wa zamu ni kichekesho. Mtoto anaingia na mkoba mzito hivyo, anatembea upande upande, na mwalimu anakunywa chai? Mimi ningemkamata getini."

"Nikuandike safu gani?"

"Ya kulia. Kwa herufi kubwa. Na uandike pia kwamba Jumanne nimekusanya wazazi wote wenye kazi za ulinzi. Wamekuja ishirini na sita. Tumezungumza mpaka jua likazama. Hilo sijui linaingia safu ipi."

"Halina safu," alisema Sikio. "Nitalitafutia karatasi."

Mwandishi naye alikwenda kwa yule mama. Sikio ndiye aliyempigia mama kumwomba ruhusa, na mama akafikiri siku mbili kabla ya kukubali. Mwandishi alikwenda peke yake, bila kamera, akakaa sebuleni tangu asubuhi mpaka mchana, akaonyeshwa redio. Aliporudi hakusimulia mengi. Alisema tu kwamba alikuwa amejiandaa kuomba msamaha, na mama hakutaka msamaha. Alitaka mtu wa kumsikiliza kuhusu mwanawe bila kuangalia saa.

Mwezi uliofuata Sikio aliletewa barua ya kazi mpya. Siku mbili kwa wiki angekaa na waandishi wakati miswada inasomwa, kabla kamera hazijawashwa, aseme watazamaji wangeuliza nini. Siku tatu angebaki kwenye simu zake, na dada mmoja mwenye sauti ya asali akaajiriwa kumsaidia. Karatasi ya maagizo ikabandikwa upya. Neno la mwisho lilikuwa limefutwa, na badala yake pameandikwa: ANAYEHITAJI MSAADA, MWELEKEZE. Chini yake kulikuwa na orodha ya namba ambayo Sikio aliikusanya mwenyewe.

Mumewe aliposikia habari ya cheo alimwangalia kwa mashaka. "Sasa utaanza kusema na kazini? Mimi nilidhani nyumbani ndiko unakomalizia."

"Maneno hayaishi, bwana. Ni kama gesi ya majokofu yako. Ikipungua, unajaza."

Siku ya kwanza kwenye chumba cha miswada walimkuta ameshafika, amekalia mto wake, penseli sikioni. Mezani palikuwa na hadithi mpya, ya msichana anayetoroka shule kufuata mchumba. Mwandishi wake, kijana mwenye ndevu chache na wasiwasi mwingi, alikuwa amesikia habari zake zote.

"Mama, niambie ukweli kabla sijaanza kusoma," alisema. "Watazamaji watasemaje?"

"Watagawanyika," alisema Sikio. "Wakikubaliana wote, ujue wamelala. Haya, soma. Na huyo msichana, kabla hajatoroka, nataka kujua analala chumba kimoja na nani."

Kijana akafungua ukurasa wa kwanza. Hakuwa ameliandika hilo. Akaomba penseli.